Kumhoji Shahidi wa Kale: Mafunzo ya Mtafiti wa Zama za Kati

Wanafunzi wengi wa shule za sekondari wasikiapo neno "utafiti", mara moja huiona akilini maabara: chupa za kioo, mizani, moto wa gesi, na mtu aliyevaa koti jeupe. Ni nadra kwao kumfikiria mtu aliyeketi mbele ya karatasi iliyotobolewa na wadudu, akijaribu kutambua kama nukta zilizo juu ya herufi ni moja au mbili. Hata hivyo mtu huyo naye ni mtafiti. Hana budi kuuliza swali lililo wazi, kutoa kisio, yaani jibu la muda lingojalo kuthibitishwa, kisha kukusanya ushahidi na kulijaribu kisio hilo. Likishindwa, hana budi kuliacha, hata kama alilipenda.

Makala haya yanaeleza jinsi mtafiti wa Zama za Kati anavyofunzwa, tangu anapoingia katika shahada ya uzamili mpaka anapoitetea tasnifu yake ya udaktari. Mfano utakaotumika ni mji wa kale wa Kilwa Kisiwani. Umechaguliwa kwa kuwa u karibu na wasomaji, na kwa kuwa ndani ya historia yake kuna fumbo moja ambalo limewashughulisha wataalamu kwa miaka mingi.

ZAMA ZA KATI NI ZIPI?

Jina hili lilitungwa na wanazuoni wa Ulaya. Kwao, Zama za Kati ni ile miaka elfu moja hivi iliyo baina ya kuanguka kwa utawala wa Roma katika nchi za magharibi, mwaka 476, na mwamko wa elimu uliotokea Ulaya kuelekea mwaka 1500. Kwa hiyo ni kipimo kilichokatwa kwa umbo la Ulaya. Walipo watu wengine, kipimo hicho hulegea hapa na kubana pale.

Hata hivyo karne hizo hizo ndizo zilizoshuhudia kukua kwa miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki: Kilwa, Mafia, Unguja, Pemba, Mombasa, Gede, Malindi na miji ya visiwa vya Lamu. Mwisho wa kipindi hicho pwani hujulikana kwa tukio moja zito: mnamo Julai 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliiteka Kilwa. Ndiyo maana mwanahistoria G. S. P. Freeman-Grenville alipotoa kitabu chake mwaka 1962, hakuona taabu kukiita historia ya Zama za Kati ya pwani ya Tanganyika.

Katika vyuo vikuu elimu hii haikai ndani ya somo moja. Hukusanya historia, lugha, sheria, dini, ujenzi na akiolojia. Baadhi ya vyuo vimeiundia vituo vyake maalumu: Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, tangu mwaka 1964, na Chuo Kikuu cha York, Uingereza, tangu mwaka 1968. Kwingineko mwanafunzi husajiliwa katika idara ya historia au ya akiolojia na kuazima maarifa ya idara nyingine.

FUMBO LA KILWA

Kuna tarehe ya wafalme wa Kilwa ambayo imetufikia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni hati ya Kiarabu iliyotungwa mapema katika karne ya 16 na mtu ambaye jina lake halijulikani. Nakala yake, iliyofanywa Unguja katika karne ya 19, imehifadhiwa London, na ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1895. Njia ya pili ni muhtasari wa Kireno ulioandikwa na João de Barros, mtumishi wa ofisi ya biashara ya India mjini Lisbon, katika kitabu chake cha mwaka 1552.

Matoleo haya mawili yanakubaliana kwamba ukoo uliotawala Kilwa ulitoka Shiraz katika nchi ya Uajemi. Baada ya hapo yanaanza kuachana. Hati ya Kiarabu inasema kwamba baba na wana wake sita walisafiri katika majahazi saba, kila jahazi likatia nanga mahali pake. Barros anasema kwamba aliyeondoka alikuwa mmoja wa wana saba wa mfalme, aitwaye Ali, aliyedharauliwa na ndugu zake kwa sababu mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Shahidi mmoja anasimulia habari za ukoo mzima. Mwingine anasimulia habari za mtu aliyebaguliwa na wenziwe. Yupi asadikiwe?

Tena kuna suala la wakati. Kwa kuhesabu miaka ya tawala zilizotajwa, Freeman-Grenville alikisia kwamba ukoo huo ulianza kutawala karibu mwaka 957. Lakini Neville Chittick, aliyeichimba Kilwa katika miaka ya 1960, alipata jibu jingine. Alizitazama sarafu za shaba zenye jina la Ali bin al-Hasan, akatazama na tabaka za udongo zilimopatikana pamoja na vigae vya vyombo vya kigeni, ambavyo umri wake hukadirika. Mwaka 1965 alitoa hoja kwamba mtawala huyo aliishi karibu mwaka 1200. Hivyo hesabu ya kalamu na hesabu ya jembe zilitofautiana kwa karibu miaka 240. Hilo si kosa dogo. Ni sawa na mtu kushindwa kumtofautisha babu na kitukuu cha kitukuu chake.

Mwaka 1984 shahidi wa tatu alijitokeza, tena mahali pasipotarajiwa. Huko Mtambwe Mkuu, katika kisiwa cha Pemba, ilipatikana akiba ya zaidi ya sarafu 2,000 za madini ya fedha zilizofichwa ardhini. Miongoni mwake zilikuwamo zenye jina la Ali bin al-Hasan. Pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu kutoka ng'ambo, nyingine za utawala wa Wafatimi, na za mwisho kati ya hizo zilipigwa katika karne ya 11.

Umuhimu wa jambo hili utaeleweka kwa mfano wa kibubu. Tuseme fundi anabomoa nyumba ya zamani na kukuta kibubu chini ya sakafu. Akikivunja na kuziangalia sarafu, ile iliyo mpya kuliko zote itamwambia kwamba kibubu hakikufichwa kabla ya mwaka wake. Aidha, kama kibubu kingeendelea kujazwa kwa miaka mia zaidi, ingetarajiwa kuonekana ndani yake sarafu za miaka hiyo. Zisipoonekana, yaelekea kilifichwa muda si mrefu baada ya ile ya mwisho. Kwa njia hiyo ya kufikiri, sarafu za Mtambwe zilimrudisha Ali bin al-Hasan katika karne ya 11. Hesabu ya kalamu ilikuwa imemweka mapema mno, na hesabu ya jembe ilikuwa imemchelewesha mno.

Je, fumbo limekwisha? La. Ingali hoja halali kuuliza kama Ali wa sarafu za fedha za Pemba ndiye Ali wa sarafu za shaba za Kilwa, na kama huyo ndiye yule aliyesimuliwa katika tarehe. Jina moja halithibitishi mtu mmoja. Hapo ndipo tasnifu mpya huzaliwa.

LUGHA KWANZA

Mwanafunzi anayeingia katika elimu hii akiwa na shauku ya kuandika, aghalabu hushangaa akiambiwa kwamba kwanza atarudi darasani kujifunza lugha. Mtafiti wa Zama za Kati za Ulaya hana budi kujua Kilatini. Huko Toronto mwanafunzi hafiki mbali bila kufaulu mtihani wa lugha hiyo. Mtafiti wa Kilwa anahitaji Kiarabu cha hati, Kireno cha karne ya 16, na Kiswahili cha kale pamoja na lahaja zake. Zaidi ya hizo, yafaa aweze kusoma Kifaransa au Kijerumani, kwa kuwa wataalamu wengi wameandika kwa lugha hizo.

Baada ya lugha huja elimu ya mwandiko. Katika hati za Kiarabu, herufi kadhaa hutofautishwa kwa nukta tu. Mnakili mwenye haraka akiiacha nukta, "b" yaweza kusomwa "t" au "n", na jina la mji likawa jina la mji mwingine. Irabu fupi nazo aghalabu haziandikwi. Ndiyo sababu vitabu vingine huandika "Kilwa" na vingine "Kulwa": kwa herufi za Kiarabu maneno hayo mawili huonekana sawasawa.

Katika jambo hili kijana wa pwani aliyepitia chuo cha Kurani ana mtaji mkubwa, maana macho yake yamekwisha kuzoea herufi ambazo mwenzake wa Ulaya atazihangaikia miezi mingi. Lakini mtaji si faida. Kusoma kwa sauti bila kufahamu maana, na kufahamu sarufi ya mwandishi wa miaka 500 iliyopita, ni mambo mawili yaliyo mbalimbali. Hapana budi aanze tena, kwa unyenyekevu.

Pamoja na lugha huja hesabu ya miaka. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, nao una siku 354 au 355. Kwa hiyo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Ili kuugeuza mwaka wa Hijiria kuwa wa Miladi kwa kukadiria, zidisha kwa 0.97 kisha ujumlishe 622. Mathalani, maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yana mwaka 500 wa Hijiria. Mara 0.97 ni 485. Ongeza 622, jawabu ni 1107. Mtu asiyejua kanuni hii, akijumlisha 500 na 622 moja kwa moja, atapata 1122 na kupotea kwa miaka 15.

SHAHIDI MWAMINIFU ANAPOKOSEA

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Tanja, Moroko, alifika Kilwa na kuusifu mji kwa uzuri wake. Alimtaja pia mtawala wake, al-Hasan bin Sulaiman, kwa ukarimu aliokuwa nao. Sifa hizo zinajulikana sana. Lakini katika maelezo yale yale inasemwa kwamba majengo ya mji yalikuwa ya miti, na paa zake za makuti au majani. Ilhali msikiti mkuu wa mawe ulikwisha kuwapo, na jumba kubwa la Husuni Kubwa, ambamo Chittick alipata maandishi yenye jina la mtawala huyo huyo, ni la mawe tupu.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza angeweza kusema, "Ibn Battuta alikosea," na kuendelea mbele. Mwanafunzi wa utafiti haruhusiwi kuishia hapo. Atauliza maswali matatu. Kwanza, je, msafiri alisahau? Kitabu chake alikisimulia kwa katibu aitwaye Ibn Juzayy, na kikakamilika mwaka 1355, miaka 24 baada ya safari. Pili, je, wanakili waliharibu neno? Hapo itambidi alinganishe nakala mbalimbali, neno kwa neno. Tatu, je, msafiri alisema kweli kuhusu nyumba za watu wengi, ambazo zimekwisha kuoza, nasi tunapotoshwa na mawe machache ya wakubwa yaliyosalia? Swali hili la tatu hujibiwa kwa kutafuta ardhini mashimo ya nguzo na mabaki ya udongo wa kuta.

Kila swali lina kifaa chake cha kupimia, na kazi ya mafunzo ni kumpa mwanafunzi vifaa vyote hivyo.

KUTOKA MAKTABA HADI MAABARA

Kwa muda mrefu waandishi wa enzi ya ukoloni walidai kwamba miji ya pwani ilijengwa na wageni, na kwamba wenyeji walikuwa watazamaji tu. Dai hilo halikuwa la kitaalamu tu. Lilikuwa na uzito wa kisiasa, maana lilimnyima Mwafrika urithi ulio mbele ya macho yake. Lakini dai baya halivunjwi kwa hasira. Huvunjwa kwa ushahidi.

Mnamo miaka ya 1980 Mark Horton, ambaye alipata udaktari wake Cambridge mwaka 1984 kwa utafiti juu ya makazi ya awali ya pwani ya kaskazini, alichimba mji wa Shanga katika kisiwa cha Pate, Kenya. Chini ya msikiti wa mawe alikuta mabaki ya misikiti iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, na ya kwanza kabisa ilikuwa ya miti, ya karne ya 8. Hivyo mji wa mawe haukushushwa kutoka merikebuni. Ulikua pale pale, hatua kwa hatua. Naye Felix Chami wa Tanzania, katika tasnifu aliyoitetea Uppsala, Sweden, mwaka 1994, alivichunguza vyungu vya milenia ya kwanza na kuonyesha kwamba ufinyanzi wa pwani na ule wa bara ulikuwa wa mapokeo mamoja.

Umri wa mkaa au mfupa hupimwa kwa kaboni 14, njia iliyobuniwa na Willard Libby mwishoni mwa miaka ya 1940. Kiumbe kikifa huacha kupokea kaboni hiyo, nayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Lakini mwanafunzi hufundishwa mapema kwamba maabara haitoi mwaka mmoja kamili, bali hutoa kipindi. Tena inapima umri wa mti, si umri wa mlango uliotengenezwa kwa mti huo.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa chembe za urithi za watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na mji mmoja wa bara, Chapurukha Kusimba wa Kenya akiwa miongoni mwa waandishi wake. Katika wengi wa watu wa miji hiyo, asili ya Kiafrika ilionekana kupitia hasa kwa kina mama, na asili ya Kiajemi kupitia hasa kwa kina baba, na kuchanganyika huko kulianza karibu mwaka 1000. Kwa hiyo masimulizi ya Shirazi hayakuwa uzushi mtupu, kama baadhi ya wataalamu walivyodhani. Wala hayakumaanisha koloni la wageni, kama walivyodai wengine. Walakini, makaburi mengi yaliyochunguzwa yalikuwa ya watu wenye hadhi. Na chembe za urithi hazisemi mtu alizungumza lugha gani. Lugha iliyoshinda pwani nzima ni Kiswahili, nacho ni Kibantu.

TASNIFU NA UTETEZI

Baada ya maandalizi hayo, mwanafunzi huanza kulipunguza swali lake. "Historia ya Kilwa" si mada ya tasnifu; ni mada ya umri mzima. "Sarafu za mtawala mmoja na mahali zilipopatikana" ni mada inayoweza kumalizika. Katika vyuo vingi muda uliowekwa kwa udaktari ni miaka mitatu au minne, lakini wengi huuvuka. Msimamizi mwema hamfanyii mwanafunzi kazi. Humuuliza tena na tena, "Umejuaje?" mpaka mwanafunzi ajifunze kujiuliza mwenyewe.

Mwishoni huja mtihani wa mdomo. Watahini, ambao mmoja wao aghalabu hutoka chuo kingine, huisoma tasnifu yote na kumhoji mwandishi wake. Hawamwulizi kama ameyasoma mengi. Humwuliza ni jambo gani jipya amelithibitisha, na kwa ushahidi upi. Kwa ufupi, yule aliyewahoji mashahidi wa kale sasa anahojiwa yeye.

Njia hii ina taabu zake, na si haki kuzificha. Hati nyingi za pwani ziko mbali na pwani, London na Lisbon. Anayetaka kuchimba hana budi kupata vibali kabla ya kugusa udongo. Kwa Tanzania, vibali hivyo humpitisha katika Tume ya Sayansi na Teknolojia na katika idara ya mambo ya kale. Ufadhili ni mchache. Kazi baada ya shahada zipo katika vyuo, makumbusho na nyaraka, lakini si nyingi. Asiyelipenda swali lenyewe atachoka njiani.

Lakini kuna hasara iliyo kubwa kuliko taabu hizo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya kubomoka na kumomonyolewa na bahari, yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Mawe yana watetezi. Hati zilizomo makashani mwa watu binafsi, katika unyevu na mchwa, hazina orodha kama hiyo. Kila moja inayooza ni shahidi aliyekufa kabla ya kuhojiwa. Na wa kumhoji ipasavyo ni yule ajuaye lugha ya hati na lugha ya mahali ilipoandikwa, naye hapatikani pasipo miaka mingi ya kufunzwa.

KWA WALIMU NA WANAFUNZI

Mafunzo haya yaweza kuanza katika kidato cha kwanza, bila gharama. Mwalimu na awatume wanafunzi watafute mwaka shule yao ilipojengwa, kwa mashahidi watatu: mzee wa jirani, daftari la shule, na jiwe la msingi kama lipo. Majibu yakitofautiana, asiharakishe kuwaambia lililo sahihi. Waandike kwanza kila shahidi alijuaje, aliandika au alisema lini, na alikuwa na sababu gani ya kusahau au kuongeza chumvi.

Kisha wapewe hesabu moja: Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 731 wa Hijiria. Wakokotoe mwaka wa Miladi kwa kanuni iliyotolewa juu, na walinganishe jawabu lao na mwaka uliotajwa katika makala haya.